Jina Langu ni Basi

Kwetu Midyat, mji wa mawe ya rangi ya asali,
naitwa Bese. Maana yake: basi.
Binti wa saba. Baba alishika mlango akasema
basi, inatosha, Mungu amesikia,
na karani wa vizazi akaandika hivyo hivyo,
kwa kalamu inayovuja.
Mwaka haukuisha, akazaliwa Zede.
Naye maana yake ni zaidi.
Hilo alilitoa mama, akicheka peke yake kitandani.

Jioni hii ya Februari nimepima bulga vikombe viwili:
changu, na cha Resho anayerudi na lori toka Mersin
na njaa nyingi na maneno machache.
Nakata kitunguu. Kisu butu, machozi ya kweli.
Siagi ya kondoo kijiko kimoja,
kimoja na nusu, nani anahesabu,
tambi kiganja kimoja, zikaangike hadi ziwe hudhurungi,
rojo la pilipili tuliloanika Septemba.

Kisha bulga yenyewe, ya chembe kubwa.
Hii ilikwisha kupikwa mara moja, ujue.
Oktoba, uani, katika lile sufuria la shaba
linalozunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba,
ngano ilitokota tangu alfajiri.
Watoto walikuja na vibakuli, tukawapakulia ya moto
na sukari, na zabibu kavu.
Iliyobaki tukaitandaza juu ya paa,
na zamu ya kufukuza njiwa ikawa yangu:
fimbo mkononi, miaka hamsini na miwili,
nikipiga kelele kama kichaa.
Ikakauka. Ikavunjwa kinuni mwa mashine. Ikapepetwa.
Kitu kilichochemka, kikakauka, kikavunjwa,
hakibabaishwi na moto wa gesi.

Naikoroga hadi inukie kama karanga zilizokaangwa.
Maji? Usiniulize vikombe. Tia kidole,
maji yapande juu ya nafaka hadi kifundo cha kwanza.
Kidole cha nani? aliniuliza Zozan wangu kwa simu toka Bremen.
Chako, nikamwambia.
Wiki ile alikula uji.

Nafunika. Napunguza moto. Na hapo ndipo hodi.

Zede mlangoni, theluji mabegani.
Basi limekwama, anasema.
Nami Basi mwingine nimesimama na mwiko.
Nyuma yake watoto wanne, mama mkwe,
na dereva, ambaye, anasema, ningemwacha vipi nje?
Saba. Nahesabu tena. Saba.

Bulga haifunuliwi kabla ya wakati; mama alitupiga vidole kwa hilo.
Naifunua.
Ngumi moja kwa kila kichwa, maji ya birika la chai,
chumvi, bismillahi, mfuniko.
Zede haulizi kitu. Ameshavua koti,
anapasua vitunguu mezani kwa ngumi,
pa! pa! vile vile kama zamani,
tulipokuwa wanane kwenye sinia moja
na mkono wa mdogo ulikuwa mwepesi kuliko wa wote.
Dereva amekaa karibu na mlango,
mguu juu ya mguu kuficha tundu la soksi.

Nazima moto. Kitambaa chini ya mfuniko, kinywe mvuke.
Dakika kumi ambazo hakuna mtoto anayeziamini.

Ndipo sinia. Mtindi. Pilipili za siki.
Imevimba, kila chembe imesimama kivyake,
nyingine ngumu kidogo katikati, zile za ngumi,
na hakuna aliyesema. Mama mkwe alisema,
lakini mdomo umejaa, hatukumsikia.

Zede? anauliza yule mdogo, kibakuli juu.
Naam, anaitika mama yake.
Siyo wewe, analia mtoto, zaidi!
Dereva anacheka kwanza, kisha sote,
mpaka mchele wa theluji unadondoka dirishani.

Nakwangua chini ya sufuria, nainua ukoko
mwekundu, mzima, mviringo kama ngoma,
naufunika kwa sahani.
Huu ni wa Resho.
Huu, jamani, basi.