Mafuta ya Jenereta

Nimebeba lita tano kutoka Kadutu,
kidumu cha njano kikinigonga goti kila ngazi,
maana Masika, muuguzi, alipiga simu alfajiri:
"Umeme umekatika tangu jana. Mkitaka baba ahudumiwe,
njooni na mafuta."

Baba yetu Zihindula, miaka sabini na minne,
thelathini kati yake juu ya nguzo,
mkanda kiunoni, koleo mkononi.
Nyumba ngapi za Bukavu ziliwaka kwa vidole vyake!
Alitufundisha kuogopa waya kabla ya kuogopa nyoka.
Sasa, tangu Novemba, hali, hasemi.
Sambaza zinapoa mbele yake.
Ukimwinua mkono, unabaki hewani
kama kitu kisicho na mwenyewe.

Shangazi alisema ni watu. Tukafunga, tukakesha,
akapakwa mafuta ya aina nyingine.
Mkono ukabaki hewani.

Daktari hakuapa. Alisema: atalala, hatasikia maumivu,
ila kumbukumbu nyingine huenda zikapotea.
Nikauliza ngapi.
Akasema hajui.
Nikatia saini, kalamu ikatoboa karatasi.

Nilingoja cheche, nilingoja mlio
kama siku ile transfoma ilipopasuka mtaa wa Essence.
Wapi. Sindano, usingizi,
kipira kati ya meno yake machache,
kisha kidole gumba cha mguu kikacheza,
kikacheza,
kikatulia.
Jenereta kule nje ilitetemeka kumshinda.

Mara ya nne akameza uji.
Mara ya sita akafumbua macho, akasikiliza ukuta, akasema:
"Hiyo mashine, plagi yake chafu."
Masika alicheka hadi akakaa sakafuni.
Mimi pia nilicheka, mpaka Baba akauliza:
"Nankafu yuko wapi? Mwambieni nina njaa."

Mama tulimzika Oktoba.
Udongo wa kwanza aliutupa yeye.

Nikamwambia.
Akalia, kilio kibichi, chenye sauti,
kile ambacho makaburini hakikutoka.
Akala huku analia.
Akaomba chumvi.

Jumatatu tunarudi, mara ya saba.
Kidumu nimekisuuza, kiko mlangoni.
Sijamuuliza daktari kama itabidi nimwambie tena.
Ninachouliza, kwa kila muuzaji wa barabarani,
ni bei ya mafuta.