Tanbihi ya Sitini na Tatu

Mwongozo wa idara una kurasa tisa.
Ukurasa wa saba unahusu sauti:
jina la msemaji, koma,
mwaka ndani ya mabano, nukta,
kichwa cha kipindi kwa herufi za mlazo,
aina ya chombo, mahali kilipohifadhiwa,
halafu dakika na sekunde,
ili atakayekuja baada yako asipapase gizani.

Nimeelewa. Si kazi ngumu.
Filamu ya kiwanda cha kuyeyusha bati
niliinukuu kwa pumzi moja:
mwongozaji ana jina, kampuni ina nembo,
hata mbwa aliyekatiza mbele ya kamera
ameshukuriwa mwishoni.

Ila hii kanda.

Don Hilarión aliitoa kwenye kopo la biskuti
hapa Oruro, katika makavazi ambayo hita yake
huwaka siku ya ukaguzi tu.
"Arobaini na moja B," akasema, akapuliza vumbi
kama anayepoza kikombe cha api.
Visikilizio vimechakaa sponji,
vinaniachia makombo meusi masikioni.
Nikabonyeza.

Dakika ya tatu, mtangazaji anasoma bei ya bati.
Dakika ya tisa, fundi wa zamu ya usiku
anamtakia mkewe heri ya kuzaliwa.
Dakika ya kumi na moja, mlango.
Kisha mwanamke, kwa Kikechua, bila kutambulishwa:
duka la kampuni limefungwa, leo siku ya sita,
watoto wanalamba chumvi,
naye habanduki kwenye kipaza sauti hiki
mpaka mtu wa La Paz amjibu.

Hakuna wa kumjibu.
Kuna kikohozi.
Kuna sekunde arobaini za kimya kisicho kimya:
utepe unahema, na mbali, mbali sana, king'ora cha zamu.

Nikamwandikia Daktari Ibarnegaray:
msemaji hana jina, nifanyeje?
Akajibu kabla chai yangu haijapoa:
asiye na jina, anza na kichwa cha kipindi.

Kipindi kinaitwa Bei za Leo.

Nikaandika: Bei za Leo, koma.
Nikaitazama ile koma.
Mtu kasimama na njaa ya siku sita
nami namwita bei.

Nikafuta. Nikaandika: Mwanamke asiyejulikana.
Asiyejulikana na nani?
Wanawe walimjua. Muuza mkate aliyemnyima deni alimjua.
Kikohozi kile pengine mtaa mzima uliamka nacho.
Nisiyejua ni mimi,
na ujinga wangu nimemvika yeye
kama jina la ukoo.

Don Hilarión akavaa visikilizio juu ya kofia,
akasikiliza akitazama dirisha.
Kilipofika kikohozi, akavivua, akavua na kofia.
"Saturnina," akasema. "Saturnina Colque, nyumba za mstari wa nne."
Akarudisha utepe nyuma. Akasikiliza tena.
"Au Benedicta, dada yake. Walikohoa sawasawa,
walichambua mawe pamoja, vumbi lilelile.
Na shali ilikuwa imemfunika hadi machoni."

Mwongozo una kurasa tisa
na hauna pa kuweka "au dada yake".

Nimeandika hivi. Daktari atazungushia wino mwekundu:

Colque, Saturnina, au dada yake Benedicta.
Alisema kwa Kikechua, katikati ya bei za bati.
Utepe 41-B, kopo la biskuti, Oruro.
Mwaka haukuandikwa.
Dakika ya 11, sekunde ya 8, hadi dakika ya 14.
Kikohozi ni sehemu ya nukuu.

Don Hilarión alisoma nyuma ya bega langu,
taratibu, midomo ikitembea.
Akauliza kama mlango nao hunukuliwa.

Kwa nini, nikamwuliza.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema.
"Walinikataza kuufungua."