Namba Nne

Harbin, Januari. Mvuke wa birika umeganda kiooni
na nje barafu ya mto inapasuka kama mbao.
Nimevua suruali tatu, moja juu ya nyingine,
nikalilaza goti la kushoto kitandani
kama mzigo wa mtu mwingine.

Daktari Qiu hapapasi sana. Chini ya pia, vidole vinne,
anabonyeza, anasita,
na sindano imeingia kabla sijamaliza kukunja uso.
Nyembamba kuliko sharubu ya paka.
Halafu anaizungusha, na hapo ndipo inapoanza kusema:
uzito, ganzi, kitu kama maji ya chumvi
kikiteremka hadi kidole gumba.
"Imefika?"
Imefika.

Kisha nyaya mbili, nyekundu na nyeusi,
na kile kisanduku chenye namba moja hadi kumi.
"Ongeza," nasema.
Miaka thelathini na mmoja nilichomelea mabehewa,
mimi Tong Shaoqing; chuma hakishiki kwa kubembelezwa.
Dawa ya moto ni moto. Ongeza.

Sita. Saba. Paja linaruka kama samaki sakafuni.
Nane: nauma kola ya shati.
Tisa, na jasho, na fahari,
nikarudi nyumbani kwa miguu nikijisifu njia nzima,
na usiku wa manane goti likaamka, likanidai na riba.

Wiki iliyofuata sikubishana. Labda nilichoka.
Akazungusha hadi nne, akaacha.
Nne si kitu. Nne ni mlango unaobishwa na mtu mwenye adabu.
Nikasubiri iume.
Nikahesabu vigae vya dari, nikafika kumi na tisa,
nikaamshwa na mkoromo wangu mwenyewe.

Niliteremka ngazi, orofa mbili,
ndipo nikakumbuka kwamba huwa naushika ukuta.

Usiniulize sababu. Kitanda cha pili, nyuma ya pazia,
Bi Meng muuza maandazi ya mvuke hapati nafuu chini ya nane;
nne, asema, ni nzi.
Daktari huandika namba zetu daftarini, kila mtu na yake,
kwa penseli.

Lakini kuna lililonisumbua kuliko goti:
yote niliyoyashika kwa moto mkubwa.
Mwanangu, kwa mfano,
ambaye hajawahi kusikia kwangu namba chini ya tisa.

Leo amepiga simu kutoka Dalian.
Nimeitafuta sauti yangu, nikaishusha,
nikaishusha tena.
"Umekula?"
Akanyamaza.
Samaki, akasema. Na wali.
Kisha, bila kuulizwa, akaendelea.