Dirisha Namba Tatu

Saa mbili asubuhi Mlima Loleza bado umejifunika ukungu
na uso wangu ni mkavu, mstaarabu,
poda imetulia kama unga kwenye kibao cha chapati.
Nafungua dirisha namba tatu, nahesabu noti,
nasema karibu.

Saa nne haijatimia vizuri
pua inaanza.
Kwanza ncha, halafu mbawa zake mbili,
halafu paji lote, mpaka nywele zinapoanzia.
Gwakisa wa dirisha la pili anakinga macho kwa daftari:
"Dada, punguza fulu, tunapishana!"
Nacheka, maana usipocheka Gwakisa anarudia,
huku chini ya meza mkono unatafuta tishu.

Nimejaribu, msidhani sijajaribu.
Sabuni ya mche, mara tano kwa siku:
uso ukakakamaa kama ngozi ya ngoma
na jioni mafuta yakarudi, mtaji na riba.
Kipande cha limau. Nililia.
Udongo alionipa shangazi pale Mwanjelwa,
akisema huu ni wa wajawazito, lakini utanyonya tu.
Siku moja, tishu zimeisha, nikabandika risiti kwenye paji.
Nikashinda mpaka mchana nahudumia watu
nimeandikwa SALIO usoni, kinyumenyume.

Sasa najua kiasi.
Maji ya uvuguvugu alfajiri na usiku, basi.
Mchana ni tishu, kugandamiza, si kusugua:
gandamiza, hesabu mpaka tatu, bandua.
Poda kidogo. Usiyafukuze kila yanapokimbilia.

Nyumbani Makete mama hanielewi.
Kule baridi ya Juni inapasua mashavu ya watoto
kama viazi vilivyoiva na maganda yake,
nyumba nzima inagombea kopo moja la mafuta ya mgando,
"na wewe unayafuta! Unafuta ulichopewa bure!"

Juzi, upepo unavuma tangu usiku, akaja Bi. Numwagile.
Katoka Ilembo gizani kufuata malipo ya pareto,
vitenge viwili, sweta la mwanawe,
viganja vina nyufa ambazo udongo umeingia ukakataa kutoka.
Weka dole gumba hapa, bibi.
Mashine: jaribu tena.
Akalifuta kwenye kitenge. Jaribu tena.
Akalipulizia. Jaribu tena.
Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.
"Kidole changu kimekufa," akasema, bila huzuni,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.
Nikamwambia alipitishe kwenye paji lake.
Paji lake lilikuwa kavu kuliko noti mpya.

Sijui nilifikiria nini.
Niliinama mpaka kwenye tundu la kioo, lile la kupitishia pesa,
nikamwambia, paka hapa.
Akanitazama. Akaingiza mkono.
Dole likashuka juu ya pua yangu, polepole,
gumu kama gunzi,
likapanda, likazunguka kwenye paji
kama la mtu anayeangalia kama mtoto ana homa.
Likarudi kwenye mashine.
Kijani.

Gwakisa hakusema kitu.
Bibi akahesabu pesa zake mara mbili,
akazifunga kwenye pindo la kitenge,
ndipo akasogea tena, sauti ya chini, ya biashara:
"Hayo mafuta unanunua wapi?"

Saa tisa nilijifuta kama kawaida.
Gandamiza, moja, mbili, tatu.
Tishu ikalowa mpaka nikaona mwanga wa nje kupitia humo,
na kivuli cha mtu anayefuata kwenye foleni.
Nikaikunja, nikaitia kwenye droo,
sijui kwa nini,
pamoja na mihuri na kalamu zisizoandika.