Wanakunywa Nini

Baada ya mnada wa pili wa korosho nilinunua televisheni,
mashine moja ya gemu, mtumba, na pedi mbili,
moja kitufe chake cha kushoto kinagoma kama mbuzi wa jirani.
Nikapiga bati nyuma ya stendi ya Newala,
nikaandika kwa chaki: NUSU SAA MIA TANO. HAKUNA MKOPO.

Humo ndimo manowari ilimotia nanga.

Ya Wagiriki wa kale, ndivyo gemu linavyosema.
Jina lake Alkinoe, ila watoto wanaiita Haikinai,
na kweli haikinai: kila meli inayokutana nayo inaitafuna.
Gubetini ina macho mawili meupe,
chini ya macho, domo la shaba
nene kuliko mchi wa mama yangu.
Ngazi tatu za makasia, watu mia na sabini,
na mpiga ngoma asiyechoka wala kukosea,
jambo ambalo hapa kwetu halijaonekana
hata msimu wa jando.

Vijana huja kupasua meli za watu.
"Mgonge ubavuni! Ubavuni, we Mnonjela, unampakata?"
Shaba inazama, mbao zinalia,
vijitu vinamwagika baharini kama bisi
na benchi zima linasimama.

Ila Chipwaza.
Chipwaza wa Bi Nantende, darasa la tano,
yule ambaye shingo yake imeingia ndani kidogo
kwa ndoo ya lita ishirini.
Akishalipa (sarafu zina joto la ngumi)
hapigani na mtu.
Anaipeleka Haikinai hadi pasipo kisiwa wala adui,
anasimamisha makasia,
anatazama.

Tuko juu huku. Uwanda wa Makonde hauna mto;
mvua ikinyesha, mchanga unaimeza hujaleta sufuria.
Maji yanapandishwa kutoka bondeni kwa pampu,
siku pampu inapoamka na afya.
Alfajiri, ukisimama Shimo la Mungu,
ukungu umelijaza bonde lote hadi Ruvuma,
mweupe, mpana, unatamani kutia mguu.
Saa tatu haupo.

"Yote haya," aliniuliza jana bila kugeuka, "ni maji?"
"Ya chumvi."
Akanyamaza muda wa kama shilingi mia.
"Sasa hawa wanakunywa nini?"

Benchi likacheka. Mmoja akasema damu.
Mwingine akasema hao hawana hata matumbo, wamechorwa tu.
Mimi sikucheka.
Mwaka mzima nimeikodisha meli hii,
najua bei ya mishale, najua domo linavyonolewa,
sijawahi kuona mtungi.

Akaacha usukani, akashuka kwa wapiga makasia.
Nyuso sita tu, zimerudiwarudiwa,
kama foleni ya bombani ukiitazama na usingizi.
Akapita katikati yao, benchi kwa benchi.
Jasho walichorewa.
Jasho linang'aa vizuri sana.

Huko juu adui akachomoza upande wa tezi.
"Rudi! Rudi juu, utazamishwa!"
Televisheni ikatikisika, mbao zikaanza kulia,
safari hii mbao zetu.
Chipwaza anainua kamba, anasogeza ngao,
anachungulia chini ya miguu ya mtu
ambaye hajui kwamba kuna anayemtafutia kitu.

Nusu saa ikaisha.
Wakanigeukia wote, wakaugeukia ubao wangu.
Nikasogea, nikauegemea, chaki yote ikahamia mgongoni.
Nikamwambia: endelea.
Tazama na kule nyuma, anapokaa nahodha.