Kalamu Nyekundu ya Bi Tranter

Jumanne, saa moja usiku,
orofa ya pili ya maktaba ya Dudley.
Kipasha joto kinagugumia kama mgonjwa anayekataa dawa.
Bi Winifred Tranter anaandika ubaoni neno la herufi mbili,
anageuka, anasema: hili ndilo bawabu.
Kila shaka ya Kiingereza hupita mlangoni pake.

Waingereza nao wana mambo.
Jambo lisilokuwapo hulivika nguo za jana.
Mtu hana pesa leo, hana hata ya basi,
lakini akiziota huzisema kwa wakati uliopita,
kana kwamba alikuwa nazo zikamponyoka.
Na mimi, niliye mmoja, nikijiwazia niwe mwingine
napewa kitenzi cha wengi.

Kwa nini? anauliza Bogumila wa kiwanda cha makufuli.
Bi Tranter anafikiri, chaki mkononi.
Sijui, mpenzi. Ndivyo tulivyokikuta.

Sisi, shaka tunaimeza.
Tunaiweka tumboni mwa kitenzi, na jina lake nge,
mkia juu: ningekwenda, ningesema,
ningekuwa.
Na wahenga walishatuonya, ningalijua huja nyuma.
Lakini Dudley usiku huu ningalijua inatangulia:
kitenzi kisaidizi kinamruka mtendaji,
kinasimama mbele ya sentensi bila kofia,
kama mtu aliyetoka mbio nyumba ikiwaka
akakumbuka akiwa nje
kwamba kuna mtu hakumwamsha.

Mzee Gurmukh amekuja na barua ya baraza la mji.
Asipolipa kabla ya tarehe tisa.
Anaweka kidole juu ya neno lenyewe, hakiondoi.
Hili, anasema, lina funguo za nyumba yangu mfukoni.
Wanacheka, naye anacheka,
kisha anaikunja barua mara nne.

Saa nne usiku, jikoni kwake, chai imepoa,
paka amelalia daftari la Bogumila.
Bi Tranter anasahihisha la Rebwar,
yule aoshaye magari nyuma ya kituo cha mafuta,
vidole vimepasuka, mwandiko umenyooka.
Sentensi tano.
Ikinyesha, nitavaa buti. Vema.
Nisipochelewa, nitapata kiti karibu na dirisha. Vema.
Ningekuwa tajiri, ningenunua glavu. Vema sana.
Sijui iwapo meneja ananipenda. Vema.
Ya tano:
Kama kaka yangu Shwan yu hai, angenipigia simu.

Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.
Kosa la kawaida. Miaka thelathini na moja
amelisahihisha akisikiliza redio.
Ama urekebishe mwisho:
kama yu hai, atanipigia,
na mlango ubaki wazi, simu ilale kifuani
imejaa chaji.
Ama urekebishe mwanzo:
angekuwa hai, angenipigia.
Herufi chache tu, na Shwan amekufa,
amekufa kwa wino wa dukani, peni tatu kwa pauni moja,
jikoni kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumwona.

Kalamu inashuka, inasita juu ya karatasi.
Doa jekundu linaanza kukua pembezoni, anainua.
Anasimama. Anaosha kikombe kisichohitaji kuoshwa.
Kitabu cha sarufi kipo rafuni, anajua ukurasa:
sharti lililo wazi, sharti lililofungwa.
Hakuna ukurasa wa mtu
anayeshika kitasa pande zote mbili.

Anarudi, anaketi.
Sentensi ya tano anaiacha ilivyo.
Juu ya daftari anaandika alama: nne kwa nne.

Jumanne iliyofuata Rebwar anapokea daftari,
anahesabu sentensi zake kwa ncha ya penseli.
Anahesabu tena.
Bi Tranter anafuta ubao,
ingawa hakuna kitu kilichoandikwa.