Thelathini na Tisa

Karatasi imebandikwa nje ya ofisi ya taaluma,
kona moja imebanduka, upepo wa Shangani unaichezea,
na jina langu, Somoe Bakari Nantumbu,
linafunikwa, linafunuliwa,
linafunikwa.
Takwimu ya Pili: thelathini na tisa.
Kufaulu ni arobaini.

Mwaka jana nilipata thelathini na sita.
Nimepiga hesabu (hii naiweza):
maksi tatu kwa miezi kumi na miwili,
maksi moja kwa kila miezi minne.
Mtoto wa kaka yangu, kwa muda huohuo,
ameota meno manane.

Msiniandikie uvivu.
Saa tisa za usiku, Chikongola imelala,
malori ya saruji tu ndiyo yanayonguruma barabarani,
mimi nimetumbukiza miguu kwenye beseni la maji
usingizi usinipate.
Desa langu limeota masikio kila ukurasa.
Fomula ya mkengeuko nimeiandika ukutani kwa chaki,
naisoma nikipiga mswaki,
naisoma nikichambua mchele.
Mama aliiona alipokuja, akauliza ni dua gani.
Nikamwambia: mkengeuko.
Akanitazama sana.
Kwetu Kitangari, anayekengeuka huitiwa wajomba.

Fidea Chilumba, tunayelala chumba kimoja,
husoma siku ya mwisho, huku anasukwa,
desa gotini, kichwa mikononi mwa msusi.
Kapata sabini na nane.
Hatazamii. Wala si mchawi;
nilishachunguza, Mungu anisamehe,
mpaka chini ya godoro.

Ndiye aliyenihurumia.
Jana alimwaga korosho kwenye sado,
zile alizoniletea mama, bado na maganda yake,
akatia na mbovu, akachanganya.
"Somoe. Nzima thelathini, mbovu kumi.
Ukitoa moja bila kutazama,
uwezekano wa kuwa mbovu ni upi?"

Nikamwuliza: zimekaa ghala la nani?
Akasema, haijalishi.
Nikamwuliza: zimeokotwa kabla ya mvua, au baada?
Akasema, Somoe!
Nikatia mkono, nikatoa moja: nzima.
Nikatoa nyingine: nzima.
Ya tatu nikaipima kiganjani, nikairudisha.
"Hiyo mbovu," nikamwambia. Tukaipasua.
Unga mweusi.

Alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akaacha kucheka.
"Unakosea hapo," akasema.
"Mtihani unamuuliza mtu asiyejua."

Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo.
Tangu nina miaka sita nabangua korosho,
mafuta yake yameniachia mabaka vidoleni
ambayo sabuni yoyote imeyashindwa.
Mbovu naijua kwa uzito, kwa mlio,
kwa namna inavyojifanya imeshiba.
Nani aliwahi kutia mkono kwenye korosho zetu
akiwa hajui?
Mtu huyo sijawahi kukutana naye,
na kila Agosti naambiwa nijibu kwa niaba yake.

Mama kapiga simu saa saba mchana.
"Jina umeliona?"
"Nimeliona."
"Basi, alhamdulillahi."
Sikuweza kuongeza neno.
Nitalikeri tena somo hili,
mwaka wa tatu mgongoni,
toto zito lisilotaka kutambaa.

Sasa ni usiku. Maji ya beseni yamepoa.
Fidea anakoroma sabini na nane zake.
Nimevuta sado katikati ya miguu,
nimejifunga macho kwa kitambaa cha kichwani,
nimetia mkono.
Naishika moja.
Kidole kinaijua.
Nakiambia: nyamaza.
Nyamaza kidogo, tuhesabu.